Shajara ya mradi: swichi zinazolia kwa kibodi ya asilimia 65

Jumamosi. Bodi iko mezani

Bodi ya saketi, bamba na kasha nimeviweka pamoja kwa majaribio na kila tundu limekaa mahali pake. Ni kibodi ya asilimia 65, vitufe 67: herufi, namba, mishale na vichache vya pembeni. Safu ya F1 hadi F12 haipo, na zile namba za mkono wa kulia hazipo pia. Bodi ina soketi, kwa hiyo swichi, vile vifaa vidogo vinavyokaa chini ya kila kitufe, zinachomekwa na kuchomolewa bila kulehemu. Ndiyo maana nimejipa ruhusa ya kuchelewa kuamua nitumie swichi zipi. Kama ingekuwa bodi ya kulehemu, ningechagua kwa kubahatisha kisha nikavumilia.

Jambo moja halina mjadala: swichi zitalia. Swichi laini, zile zinazoshuka moja kwa moja bila kinundu wala mlio, nimeandika nazo kwa muda mrefu na sina ugomvi nazo. Zenye kinundu lakini zisizolia nazo nazijua. Safari hii nataka sikio na kidole viambiwe kwa pamoja kwamba herufi imeingia. Hoja za kupinga nimeshazisikia kutoka kwa mdogo wangu, ambaye meza yake iko upande wa pili wa ukuta: "Kaka, kwani za kimya zimeisha duniani?" Nimemwahidi kufunga mlango.

Kwenye orodha ziko nne: Cherry MX Blue, kisha Kailh Box White, Box Jade na Box Navy. Nimeagiza chache za kila aina badala ya kununua pakiti nzima ya aina moja. Kile kibao kidogo cha kuonjeshea swichi, chenye kofia za vitufe na kisichounganishwa na kompyuta, nimekiacha makusudi. Kinakuonyesha uzito na sauti, lakini hakikuambii herufi imeingia lini, na kwa swichi za aina hii hilo ndilo swali lenyewe.

Kuna iliyokatwa kabla ya kuanza, nayo ni springi inayopinda ya IBM, ile ya kibodi za Model F ya mwaka 1981 na Model M ya mwaka 1985. Kwa maoni yangu hakuna mlio wa kweli kuliko ule, kwa sababu springi ikipinda ndiyo inayosukuma nyundo ndogo chini yake, na nyundo ndiyo inayosajili herufi. Mlio na herufi ni tukio moja. Lakini ule ni mfumo wa kibodi nzima, si swichi ya kuchomeka. Anayeutaka anunue kibodi kamili. Kampuni ya Unicomp ya Marekani bado inazitengeneza. Swichi za zamani za Alps nazo hazipiti: tundu lake ni milimita 15.5 kwa 12.8, na bamba langu lina matundu ya mraba wa milimita 14.

Jumapili. Kuzipasua

Kabla ya kuchomeka chochote nimefungua moja ya kila aina. Unabana vilimi vya pembeni, ganda la juu linaachia, unatoa springi na shina, kile kipande kinachoshuka ukibonyeza.

MX Blue kwanza. Shina lake ni vipande viwili: shina la buluu lenyewe, na kipande cheupe kinacholizunguka kwa chini, ambacho nitakiita koti. Koti halijashikamana na shina; linateleza juu na chini kwa nafasi ndogo. Ukibonyeza, koti linakwama kidogo kwenye jani la shaba la mguso. Shina linaendelea kushuka, nguvu inajikusanya, halafu koti linaponyoka kwa ghafla na kugonga chini. Huo ndio mlio. Na kwa kuwa koti limeliachia jani, saketi inafunga papo hapo. Mpaka hapa mambo ni mazuri: mlio na herufi vinakwenda pamoja, kwenye kina cha milimita 2.2 kati ya 4.0 za safari nzima.

Tatizo liko kwenye kurudi. Kidole kikianza kupanda, shina linapanda lakini koti linabaki chini, linangoja mpaka shina limalize ile nafasi ya kuteleza ndipo livutwe juu. Kwa hiyo nukta ya kuzima iko juu zaidi ya nukta ya kuwaka. Ukinyanyua kidole kidogo tu halafu ukabonyeza tena, kwa swichi hujanyanyua kitu. Hakuna mlio wa pili na hakuna herufi ya pili.

Koti hilohilo ndilo linalofanya MX Blue isikike ikichakacha ukiitikisa karibu na sikio. Kipande kilichoachwa huru lazima kicheze.

Kailh Box ni akili nyingine. Hakuna koti, shina ni kipande kimoja. Pembeni mwa ganda la chini kumelala kipau chembamba cha waya wa chuma, kimekunjwa pembe, na shina lina pua ndogo upande huo. Pua inakikandamiza kipau mpaka kinapinda, kisha inakipita, nacho kinachomoka kurudi mahali pake na kugonga plastiki. Wakati wa kupanda pua inakipita tena kutoka chini, na kinalia mara ya pili. Mguso wa umeme uko upande mwingine kabisa, ndani ya kijisanduku kilichozibwa ambacho ndicho kilichozipa jina, na ambacho mtengenezaji anakihesabia kinga ya vumbi na maji ya kiwango cha IP56.

Nimeziweka Box White na Box Jade zilizofunguliwa bega kwa bega chini ya taa. Tofauti unaiona kwa macho bila kioo cha kukuzia: kipau cha Jade ni kinene kuliko cha White. Springi zao nimezibonyeza kwa kidole zikiwa nje ya ganda na karibu nisizitofautishe. Navy ina kipau kinene cha Jade pamoja na springi nzito. Kwa maneno mengine, Jade ni White iliyobadilishiwa kipau, na Navy ni Jade iliyobadilishiwa springi. Ukishaliona hilo, nusu ya mabishano ya watu kuhusu "hisia" inakwisha.

Jumatatu usiku. Uzito, na namba za kwenye pakiti

Nimechomeka aina zote nne kwenye safu ya katikati. Dokezo kwa yeyote mwenye bodi ya soketi: tazama miguu ya kila swichi kabla hujaisukuma. Ni vipande vyembamba vya shaba na vinapinda kwa urahisi. Mguu uliopinda unajikunja chini ya swichi na juu yake huoni chochote, kila kitu kinaonekana kimekaa. Nanyoosha kwa kibano, naingiza wima, na kidole kingine kinashikilia soketi kwa nyuma ili isibanduke.

Sasa uzito. Cherry wanaandika sentinyutoni 60 kwa MX Blue, ambazo ni kama gramu 61. Box White inahesabiwa karibu gramu 50. Ukisoma namba hizo tu utadhani White ni nyepesi sana kuliko Blue na hadithi imeisha. Lakini namba ya aina hii haisemi uzito umekaa wapi kwenye safari. Mlima wa MX Blue, yaani nguvu inavyopanda kabla ya mlio, ni mpole, unaupanda polepole na kuuteremka polepole. Wa White ni mfupi na uko juu zaidi, mguso ukiwa kwenye milimita 1.8 kati ya 3.6. Wa Jade ni ukuta: kidole kinasimama, kinasukuma, halafu ghafla hakuna kitu.

Hapo kwenye "hakuna kitu" ndipo Jade inapopendwa na ndipo inaponitia shaka. Kipau kinene kinadai nguvu nyingi ili kipinde, na kikishaachia, springi nyepesi haina uwezo wa kuizuia nguvu hiyo. Kidole kinaanguka hadi chini na kugota. Kila herufi inagota. Navy inarekebisha hilo kwa springi nzito: baada ya mlio kuna kitu cha kukipokea kidole, na kinarudishwa juu kwa haraka. Kwa mizani ya ndani ya swichi yenyewe, Navy ndiyo iliyokamilika kuliko zote nne. Kwa mizani ya mikono yangu, aya mbili za Navy zinatosha na kusaza.

Jumatano. Kaa na taa

Leo ndio nimefika kwenye kiini. Majaribio mengi ya kibodi hufanywa kwa sentensi za Kiingereza, na Kiingereza kinaigawa kazi ya vidole kwa namna yake. Mimi naandika Kiswahili kutwa. Kwenye mpangilio wa QWERTY herufi A iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote, na A ndiyo herufi tunayoibonyeza kuliko nyingine yoyote. Tazama sentensi yoyote kwenye ukurasa huu. Zaidi ya hapo, tunairudufu bila huruma: saa, baada, maana, kadhaa, maalumu, kukaa.

Kwa hiyo nimetunga sentensi ya mateso: "Baada ya saa kadhaa kaa alikaa kando ya taa." Nikawa naiandika kwa kasi yangu ya kawaida nikibadilisha swichi chini ya A peke yake.

MX Blue ilinipa "baada" safi, kisha "sa", kisha "kadhaa", kisha "ka". Herufi ya pili inapotea pale kidole kinapochoka na kuanza kupanda nusunusu, kama nilivyoona kwenye koti. Ukiwa makini na kunyanyua kidole hadi juu haileti shida kabisa. Ni swichi sahihi inayofanya kazi yake ilivyoundwa. Ila sitaki kuwa makini. Nataka kuandika.

Box zote tatu zilitoa A mbili kila nilipobonyeza mara mbili. Nukta ya kuzima iko karibu sana na ya kuwaka kwa sababu mguso hauna habari na kipau. Na ule mlio wa kurudi, ambao mwanzoni niliuona kama kelele ya ziada isiyo na kazi, umenibadilisha mawazo. Hautoki kwenye nukta ileile hasa ambapo saketi inafunguka, lakini uko jirani vya kutosha kwamba sikio linazoea: nimesikia imeshuka, nimesikia imepanda, naweza kubonyeza tena. Mlio wa kushuka peke yake unakuambia herufi imeingia. Haukuambii kwamba kitufe kiko tayari kwa nyingine.

Jambo la kutenganisha hapa, maana watu hulichanganya: herufi inayopotea na herufi inayojirudia yenyewe ni magonjwa mawili tofauti. Inayojirudia ukiwa umebonyeza mara moja ni mguso unaotetemeka, na dawa yake iko kwenye programu ya ndani ya bodi. QMK, mojawapo ya programu hizo, kwa kawaida husubiri milisekunde 5 mtetemo utulie, na unaweza kuongeza. Inayopotea kwa sababu ya koti haiponi kwa programu. Ukipunguza zile milisekunde hata hadi moja, koti halitapanda mapema kwa ajili yako.

MX Blue imetoka. Naiheshimu, nusu ya dunia iliujua mlio wa kibodi kupitia kwake, lakini kwa lugha hii na kidole hiki, hapana.

Alhamisi. Grisi: fupi

Wanaopaka swichi grisi wanajua raha yake kwenye swichi laini. Kwenye zinazolia, mahali pa kupaka ni pachache mno. Nimejaribu kwenye Box White moja ya kutolewa kafara: tone dogo la grisi ya Krytox 205g0 kwenye kipau, na mlio ukawa kama wa mtu anayegonga meza akiwa na glavu. Umekufa. Springi peke yake inastahili mafuta mepesi kwenye ncha zake mbili, ili ule mwangwi wa chuma upungue, na hata hilo ni kwa mwenye subira. Vitelezi vya upande usio na kipau unaweza kuvigusa kwa brashi iliyokaushwa karibu kabisa. Mimi nafanya springi tu.

Tahadhari kwa wanaofungua Box: ukilitoa shina kwa pupa, kipau kinaweza kuruka. Ni kidogo kuliko mchele na zulia hulipendi tena.

Jumamosi. Sauti

Nimeiacha sauti mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayomteka mtu mapema kuliko inavyostahili.

Rekodi za mtandaoni hazinisaidii sana. Simu na kamera hujirekebishia kiwango cha sauti zenyewe, kwa hiyo swichi ya kimya na swichi ya kelele hutoka zikiwa karibu sawa. Ukitaka kulinganisha kwa haki, rekodi zote kwenye faili moja, kifaa kikiwa mahali pamoja, na ufunge marekebisho hayo. Nilifanya hivyo, na masikio yangu yakaafikiana na rekodi: White ni kali na nyembamba, Jade ni nzito na imeshiba, Navy ni Jade iliyopewa sauti zaidi.

Nimejaribu pia kuitafutia White unene. Kofia nene za plastiki ya PBT zimesaidia kuliko nilivyotegemea. Kugota chini kumekuwa na sauti ya chini zaidi na mlio unasikika umekaa juu yake badala ya kuelea peke yake. Bamba la polikabonati badala ya alumini limelainisha kugota, lakini mlio wenyewe haukujali, kwa kuwa unatoka ndani ya ganda na kupanda moja kwa moja hewani. Povu ndani ya kasha limeondoa ule uwazi kama wa sanduku tupu na basi. Anayekuambia povu litanyamazisha swichi inayolia anakuuzia povu.

Mdogo wangu ameletwa kusikiliza akiwa upande wake wa ukuta, bila kuambiwa ipi ni ipi. Jade na Navy amezisikia hata mlango ukiwa umefungwa. White ameisikia pia, ila akasema, "Hii naweza kuisahau, kaka. Ile nyingine inaniita." Hiyo ni kura, na nimeihesabu.

Jumapili. Mseto

Moyo bado ulikuwa kwa Jade, nisijidanganye. Basi nikajaribu maridhiano: Jade kibodi nzima, isipokuwa A, Q, Z na vitufe vya kidole cha mwisho cha kulia, ambavyo vipewe White. Kwa vidole mpango huu ni sahihi kabisa. Mkono haukuchoka, A zote zikaingia.

Kwa masikio haukubaliki. Kama ingekuwa herufi adimu yenye sauti tofauti, mtu angezoea. Lakini hii ni A. Maneno mengi yana angalau moja, mara nyingi mbili au tatu, na kila inapopita sauti inakonda ghafla kisha inanenepa tena. Ukifunga macho unadhani wanaandika watu wawili. "Kabla hawajapata" ilinitosha kuchomoa zote.

Uamuzi, basi: White kwenye herufi na namba zote. Jade inakwenda kwenye kitufe cha nafasi, Enter na ule wa kufuta. Kitufe cha nafasi kinapigwa na kidole gumba, chenye nguvu za kutosha, na kwa Kiswahili chenye wa, ya, na, la, za zake, kinapigwa mno. Kikilia tofauti kinatenganisha maneno sikioni, jambo ambalo kumbe nalipenda. Enter na kufuta ni vitufe vya uamuzi, si vya mtiririko, na ukuta wa Jade umekaa mahali pake hapo.

Nimeagiza White 70 ili zibaki za akiba, kwa sababu siku moja mguu mmoja utapinda hadi ukatike.

Ijumaa. Zimeingia zote

Zimefika, zimekaguliwa miguu, zimeingia. Vitufe virefu vilihitaji kazi kidogo: stabilaiza ya kitufe cha nafasi, ule waya na nyumba zake unaozuia kitufe kirefu kisiyumbe, ilikuwa inachakacha, na mchakacho juu ya swichi inayolia ni uchafu, unaharibu mlio wote. Grisi nzito ndani ya nyumba za plastiki na kwenye ncha za waya, nikanyoosha waya juu ya kioo mpaka ncha zote mbili zikalala sawa. Imetulia. Hapa usiwe bahili wa grisi. Ni sehemu pekee ya kibodi hii inayoihitaji kwa wingi.

Nimeandika ripoti nzima ya kazi juu yake. Ile ng' ya ng'ambo na ng'ombe, ambayo alama yake iko chini ya kidole cha mwisho cha kulia, inaingia bila kukakamaa. Kasi yangu haikuongezeka, na anayetarajia swichi imwongezee kasi atasubiri sana. Makosa ya herufi mbili yamepungua kiasi cha kuonekana, hasa mwisho wa siku.

Kuna kazi moja imebaki kwenye programu: kuhamisha ile alama ya ng' iwe karibu na kidole cha shahada kupitia safu ya pili ya QMK, yaani kitufe kupewa kazi nyingine ukishikilia kingine, nione kama itafaa au nitajichanganya.

Na Navy zilizosalia kwenye majaribio? Moja nimeiweka kwenye Esc. Kitufe hicho kikibonyezwa kwa bahati mbaya kinafunga dirisha na kupoteza ulichokuwa ukijaza, kwa hiyo acha kiwe kigumu, na kipige kelele kikiguswa.